Mjomba Anataka Kuwa Mwizi

Jumapili hiyo nyumba ilikuwa na kelele zake za kawaida. Mama alikuwa kwenye cherehani. Bibi alikuwa anamenya vitunguu huku akilalamikia macho. Baba alikuwa ameinamia kompyuta, anacheka peke yake.

Baba ni fundi picha. Siku zote anapiga video za harusi. Safari hii alikuwa ametengeneza filamu yake ya kwanza, ya mwizi wa simu. Waigizaji ni watu wa nyumbani na majirani. Jumamosi ya wiki iliyofuata ingeonyeshwa kwenye ukumbi wa mtaa.

"Mjomba, njoo uone ulivyoanguka!" Baba aliita.

Mjomba ni kaka yake Mama. Anashona viatu, na anatembea kwa magongo. Kwenye filamu, mwizi anampiga kikumbo, anaanguka, watu wanacheka. Basi, kazi yake imeisha.

"Nimeshaona," Mjomba alisema. "Hiyo Jumamosi mimi siji."

"Huji? Na wewe ndiye unayechekesha kuliko wote!"

"Ndiyo hapo, shemeji. Mtaani wananicheka bure. Sasa nije nichekwe na viti vimepangwa?"

Akachukua magongo yake, akatoka uani.

Baba akanywea. Tangu aoe, yeye na shemeji yake hawajawahi kununiana.

Wakati huo jirani yao, wanayemwita Miwani, alikuwa amefuata gauni lake kwa Mama. Miwani anakagua filamu kwenye kituo cha televisheni.

"Jirani, hebu niamulie," Baba alisema. "Wanawake nimewaweka. Wazee nimewaweka. Mwenye magongo nimemweka. Kosa langu liko wapi?"

"Kuwaweka umewaweka. Sasa tuone wanafanya nini. Mwite Mjomba. Kila mtu ajifuatilie mwenyewe tu, mwanzo mpaka mwisho. Wengine msiwatazame."

Mjomba akarudi ndani, wakatazama mpaka ikaisha.

"Mimi nimefungua mlango," Mama alisema. "Nikasema 'karibuni chai.' Sijaonekana tena. Mume wangu, hiyo chai ilinimeza?"

"Afadhali wewe," Bibi akadakia. "Mimi nimekohoa, nikafa. Hata dawa sikuletewa. Mwanangu, una haraka gani na mimi?"

Wote wakaangua kicheko, hata Mjomba.

"Mtu kuonekana tu haitoshi," Miwani alieleza. "Jiulize: anasema? Anaamua jambo? Tunacheka naye, au tunamcheka yeye? Na nani hayupo kabisa? Watu wakimwona mwenye magongo anaanguka kila filamu, wataamini hana kazi nyingine."

Baba alijikuna kichwa. "Nimeelewa. Basi Mjomba atakuwa mtu mwema. Atasaidia kila mtu, atatoa nasaha..."

"Wee!" Mjomba alimkata. "Sitaki umalaika. Mimi nataka kuwa mwizi."

"Mwizi? Watu watasema nakutukana!"

"Mwizi mwenye akili zake! Kila mtu ananionea huruma, hakuna anayenishuku. Simu nazificha ndani ya viatu ninavyoshona."

Baba alimtazama Miwani. "Inafaa kweli?"

"Inafaa, mradi asiibe kwa sababu ya magongo. Aibe kwa ujanja na tamaa, kama mwizi yeyote. Huyo sasa ni mtu kamili."

"Na mimi ndiye nitakayemkamata," Mama alisema. "Naenda kuchukua kiatu changu, nasikia kinaita."

"Na mimi sifi," Bibi akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Wiki nzima walirekodi upya. Mjomba alikuwa wa kwanza kufika kila siku, na alimsumbua Baba kwa maswali mpaka Baba akajuta kidogo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa kiti cha mbele, kando ya Baba. Kiatu kilipoanza kuita, watu walisimama wakipiga kelele: "Kamata huyo!"

Jumatatu mteja mmoja alileta viatu vyake kwa Mjomba. Simu yake alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Mzee, nimekuona Jumamosi. Leo hunipati!"

"Shika vizuri," Mjomba alimjibu, akitia uzi kwenye sindano. "Na hiyo saa yako pia nimeshaiona."