Jino la Cheche

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna kifungo. Nasema mapema, usije ukashangaa mbele ya safari.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu, na mjomba wetu. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wanamwita Cheche. Milango, mageti, vitanda, vyote anaunda. Geti la shule ya mtaani kwetu ni kazi ya mkono wake. Mjomba ni karani wa stoo aliyestaafu. Mpaka leo anatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Cheche ana ugonjwa wa akili. Ulimwanza miaka sita iliyopita. Alisikia sauti za watu ambao hawapo. Halali, hali. Tukampeleka kliniki, akapewa vidonge, akatulia, akarudi kazini. Kila siku anameza kidonge kimoja. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi anakwenda kliniki kupimwa na kuchukua vidonge vingine. Basi, hakuna kingine.

Lakini tuliona aibu. Tukatunga jino. Cheche akienda kliniki, tunasema amekwenda kwa daktari wa meno. Majirani waliambiwa jino. Bosi wake aliambiwa jino. Pale karakana kuna ubao mweusi, na kila anayetoka huandika kwa chaki jina lake na anakokwenda. Miaka sita Cheche aliandika "jino". Mafundi wenzake walimtania.

"Jino gani hilo lisilong'oka?"

"Lina mizizi," alijibu, huku ameshika shavu.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika shavu.

Sasa, Alhamisi moja, saa saba mchana, stoo ya karakana iliungua. Hakuna aliyeumia, lakini mbao na rangi ziliteketea zote. Asubuhi ile Cheche alikuwa amegombana na bosi kwa ajili ya glavu zilizochanika. Alimwambia mbele ya watu, "Utaona." Moto ulipotokea, Cheche hayupo. Ubaoni paliandikwa "jino". Polisi wakamuuliza alikuwa wapi.

"Kwa daktari wa meno," akasema.

"Daktari yupi?"

Akashika shavu, jina hakutaja. Polisi wakazunguka kwa madaktari wa meno wote wa mji. Hakuna aliyewahi kumwona. Cheche akawekwa rumande.

Nitasema kweli hata kama inaniaibisha. Mimi, dada yake wa damu, nilidhani amechoma. Siku yake ya kliniki ni Jumatatu, na moto ulikuwa Alhamisi. Kama hakuwa kliniki, alikuwa wapi? Roho iliniuma, sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano.

Mjomba akaja na mpango. "Mtoto ni mgonjwa. Tuseme hana akili. Mtu asiye na akili hafungwi, atarudi nyumbani wiki hiyohiyo."

Nikakubali. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mahakamani Mjomba alisimama bila kuitwa. Akamwambia hakimu kwamba mpwa wake ni kichaa, hata kliniki ya akili wanamjua. Hakimu akamwamuru akae. Lakini aliandika: mshtakiwa apimwe, ijulikane kama anaweza kuelewa na kufuata kesi yake. Cheche alitutazama kutoka kizimbani, na macho yale sikuyapenda.

Siku ya kumtembelea, Mjomba alisogea kwenye wavu, akanong'ona.

"Daktari akikuuliza mbili na mbili, sema tisa. Akikuuliza jina lako, imba."

"Mjomba, mimi nakata chuma kwa milimita," Cheche akasema. "Mbili na mbili ni nne."

"Utafungwa."

"Nifungwe. Kichaa sitaitwa, si na nyinyi wala na mahakama."

Nikamwambia kiburi si maungwana. Akatugeuzia mgongo. Tulirudi nyumbani kila mmoja amevimba.

Jumanne daktari wa akili alifika rumande. Alikuwa mwanamke mfupi, na mpini wa mkoba wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Macho ya fundi hayaachi kitu. Mimi na Mjomba tuliketi kwenye benchi nje ya chumba. Ndani palikuwa na meza moja na viti viwili. Mpelelezi wa kesi alisimama mlangoni kama amepigiliwa misumari.

"Afande, naomba nifunge mlango," daktari akasema.

"Nabaki. Nataka kusikia atasemaje kuhusu moto."

"Sikuja kumuuliza moto. Hakimu ameuliza kama anaielewa kesi. Nitajibu hilo."

"Daktari, sote tunaitumikia serikali. Watu hawa wanawafungukia nyinyi. Muulize kidogo tu."

"Wananifungukia kwa sababu ni daktari," akasema. "Nikiutumia udaktari kumtega huyu, kesho hakuna mgonjwa atakayemwambia daktari yeyote ukweli. Upelelezi ni kazi yako, afande. Kaifanye."

Akafunga mlango. Moyoni nikasema, huyu ni wa kwetu. Nilikosea. Hakuwa wa afande, na hakuwa wa kwetu pia.

Ya mle ndani Cheche alinisimulia baadaye, neno kwa neno.

"Kabla hujajibu chochote, nisikilize," daktari alimwambia. "Mimi si daktari wako. Sikuja kukutibu. Nimetumwa na mahakama. Utakayoniambia yanaweza kuingia kwenye ripoti, na ripoti itasomwa na hakimu, mwendesha mashtaka na wakili. Swali usilotaka, kataa kulijibu. Nirudishie hayo kwa maneno yako."

"Wewe si kama muuguzi wa kliniki," Cheche akasema. "Yeye siri zangu anazifungia. Wewe unaweza kuzipeleka."

"Ndiyo hivyo."

Akamuuliza anashtakiwa kosa gani. Akamuuliza kazi ya hakimu ni nini, na ya wakili ni nini. Cheche alijibu yote. Tangu aingie rumande hakuwa amesikilizwa na mtu, basi akalegea.

"Daktari, siku ile ya moto, ukweli ni kwamba mimi..."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ishia hapo. Hilo sikukuuliza. Una wakili?"

"Sina."

"Atafutwe. Hayo utamwambia yeye kwanza. Sasa niambie, unalala?"

Hakuwa analala. Vidonge vyake vilichukuliwa langoni siku ya kwanza, na sauti zilianza kurudi kwa mbali. Daktari alichukua tena kalamu. Kisha akasema, "Sikuja kukutibu. Lakini siwezi kujua kwamba unanyimwa dawa, halafu nikaenda zangu." Akamwandikia barua mkuu wa rumande palepale, akataka jibu la maandishi. Kesho yake vidonge vilitolewa.

Halafu aliniita mimi. Akanipa onyo lilelile, kwamba nitakayosema yanaweza kwenda kwa hakimu. Nami nikaufungua mdomo wangu usio na kifungo.

"Daktari, ndugu yangu hajui hata leo ni siku gani. Anaimba mchana kutwa."

Hakuandika. "Dada, huyo anayeimba amenieleza jinsi ya kuweka bawaba ili geti lisilegee. Nimwamini nani, wewe au bawaba?"

Mjomba alikuwa anasikiliza mlangoni. Akaingia bila hodi. "Daktari, uwe na huruma. Andika tu kichaa. Neno moja."

"Mzee, unajua neno hilo litampeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Hapana. Mtu asiyeweza kufuata kesi hupelekwa hospitali yenye ulinzi. Kifungo cha jela kina tarehe ya mwisho. Kule hakuna tarehe. Atakaa mpaka madaktari na mahakama waridhike, na kesi inaweza kuwa bado inamsubiri. Kwa anayehitaji, ni mahali pa kutibiwa. Huyu mtakuwa mnamfungia mdomo asijitetee."

"Lakini ni mgonjwa kweli," nikasema. "Hilo sikudanganya."

"Ni mgonjwa, ndiyo. Kuumwa si sawa na kutoelewa. Mtu mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuielewa kesi yake kuliko jamaa zake."

Hiyo ilinipata. Hasira zikanipanda.

"Kwa hiyo unataka afungwe."

"Sijui kama atafungwa. Sijui kama alichoma. Si kazi yangu kujua. Afande alitaka nimtege, nimekataa. Nyinyi mnataka nimsingizie, nakataa pia. Nitaandika nilichokiona."

"Una roho ngumu, daktari."

"Ninayo," akasema. "Kila mmoja anakuja na neno lake anataka niliandike. Ningekuwa na roho laini, ningeandika la aliyelia zaidi."

Nililia hapohapo, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Nilipomaliza nikasema, "Haimbi. Hajaimba tangu azaliwe."

"Najua. Nashukuru umelifuta mwenyewe." Kisha akatuambia kwamba pale mahakamani kuna ofisi ya msaada wa kisheria, na wakili wake halipwi na familia. "Nendeni leo," akasema. Mjomba alitaka kupinga. Nikamvuta mkono.

Wakili alikuwa kijana mwenye tai fupi, na haraka zake zilinitia wasiwasi. Lakini alijua kusikiliza. Alikaa na Cheche peke yao saa nzima. Wiki hiyo nilipokwenda kumtembelea, Cheche mwenyewe alitaka nijue.

"Nilikuwa kliniki, dada."

"Alhamisi?"

"Jumatatu ile walikuwa wanapaka rangi jengo. Wakatuhamishia Alhamisi."

Nilishika wavu kwa mikono miwili. "Kwa nini hukusema? Siku zote hizi unakaa humu, na jibu unalo."

Hakupandisha sauti. "Dada, nani alinifundisha kusema jino?"

Mkono wangu ulikwenda shavuni wenyewe.

Nilikwenda kliniki mbio. Muuguzi tunafahamiana miaka yote sita. Nikamwomba aniandikie barua kwamba Cheche alikuwa pale siku ya moto.

"Siwezi kukuambia kama alikuwepo au hakuwepo," akasema.

"Mimi ni dada yake."

"Nakujua. Mpelelezi naye alikuja, alitaka faili zima nimkabidhi mkononi. Nilimwambia alete amri ya mahakama. Faili ni la mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe aandike ruhusa."

Niliondoka nikimlaani. Nilipofika kituo cha basi nikaanza kumheshimu. Kama angenipa mimi kwa machozi, angempa na mwingine kwa vitisho.

Kwanza ripoti ya daktari ilisomwa. Ilisema hivi: mshtakiwa ana ugonjwa unaotibika, anaelewa kesi, anaweza kujiamulia mambo yake, aendelee kupewa dawa. Kuhusu moto haikusema hata neno. Kwa kuwa anaweza kujiamulia, Cheche aliandika ruhusa kwa mkono wake. Wakili alinionyesha. "Naruhusu itolewe tarehe na saa za Alhamisi ile. Yaliyobaki ndani ya faili ni yangu." Alipiga mstari chini ya neno "yangu" mara mbili.

Siku ya kesi, barua ya kliniki ilisomwa. Cheche aliingia saa sita na robo. Alitoka saa nane kasorobo. Kliniki iko upande wa pili wa mji, na moto uliwaka saa saba.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mshtakiwa, kwa nini uliwadanganya polisi?"

Cheche alishika ukingo wa kizimba. Mikono yake ina makovu ya cheche za moto.

"Niliogopa kuitwa kichaa kuliko nilivyoogopa jela," akasema. "Basi nimeitwa. Nimeitwa mbele ya watu wote hawa, na mjomba wangu mwenyewe. Na bado nimesimama. Naumwa, nameza dawa, nafanya kazi. Stoo sikuchoma."

Mjomba aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka. Hakimu alimwachia Cheche siku hiyohiyo. Moto ulitoka wapi? Mpaka leo wanatafuta, na watafute.

Bosi alimrudisha kazini, shingo upande, kwa sababu mageti yaliyochomelewa na wengine yalikuwa yanarudishwa na wateja. Mjomba aliomba radhi kwa njia yake. Alitoa amri kwamba mtu yeyote asilitaje neno kichaa nyumbani kwetu, na mara hii tulimtii.

Ikafika Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa nimepeleka karakana maovaroli niliyoshona, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Cheche alivua glavu, akaenda kwenye ubao, akachukua chaki. Mafundi wakageuka kumtazama. Akaandika jina lake, na mbele yake: "Kliniki ya akili. Narudi saa nane."

Mmoja, fundi rangi, yule aliyekuwa bingwa wa kumtania, akauliza, "Jino je?"

"Zima," Cheche akasema. "Lilikuwa zima miaka yote sita. Mwenye neno aje aliseme hapa mbele yangu."

Hakuna aliyekuja. Alifuta mikono, akatoka kupitia geti la karakana aliloliunda mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilipita tena pale, Jumatatu ya kwanza. Jina la Cheche lilikuwa ubaoni, na kliniki yake mbele. Chini yake paliandikwa jina la fundi rangi, kwa herufi za mtu aliyesita sana, na mbele ya jina maneno mawili: "Mimi pia."