Anayeitika Badala ya Chiriku

Mama alimwita bintiye aje kula, na sauti ya mtoto ikaitika kutoka chumbani: "Nipo." Lakini Chiriku alikuwa ameketi miguuni pake, anafunga kamba za viatu, mdomo ameufumba. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, wala si saa ya mtu kuogopa kitu. Mama akajiambia ni uchovu tu.

Na uchovu alikuwa nao kweli. Yeye ni fundi wa programu, na wiki nzima alikuwa akihangaika na mfumo wa ghala la dawa. Programu hujengwa kwa vipande, na kuna faili moja la kuielekeza kompyuta kipande kipi kitangulie. Sasa kipande cha stoo kilingoja cha oda, cha oda kikangoja cha ukaguzi, cha ukaguzi nacho kikangoja cha stoo, kama wageni watatu mlangoni, kila mmoja anasema tangulia wewe. Bosi alishakuwa mbogo. Basi mama akafanya lile ambalo mafundi hulifanya wakizidiwa, kisha wakalionea aibu: akatunga kipande kitupu, kisicho na kazi ila kuitika "nipo" kila kikiitwa, ili wale watatu waridhike waingie. Kilihitaji jina. Akakiita Chiriku, kwa kuwa binti yake huyo wa miaka saba, mwenye maneno kama redio, hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Mfumo ukajengeka, ofisi nzima ikampigia makofi.

Lakini nyumba ukiijenga ukaiacha tupu, usishangae ikipata mpangaji.

Ghala lilikiita kile kipande mara elfu kwa siku, na kila kilipoitika, mtoto alipungua. Kwanza aliishiwa maneno. Halafu akaacha kula. Madaktari walimpima, wakasema hawaoni kitu. Chumbani, kompyuta iliyozimwa ikawa inavumisha feni yake, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka ukutani ikakaa kwenye mashuka, hata mama akiyafua na kuyaanika na kuyafua tena, na kila alipomwita mwanawe ili walau asikie sauti yake, sauti ilikuja kweli, nyororo, ya Chiriku mwenyewe, ila ilitoka kabatini, au chini ya kitanda, au nyuma ya shingo yake yeye mama, huku mtoto amelala mbele yake macho wazi, hapepesi.

Mama akakifuta kile kipande. Mtoto akaacha kupumua. Mama akakirudisha upesi, na pumzi ikarudi. Hapo maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mficha uchi hazai. Alimwendea Mzee Kobe, fundi mstaafu aliyeliandika lile faili miaka mingi nyuma, akamweleza yote. Mzee hakumcheka. Alikuja mchana huohuo, akaketi mbele ya kompyuta, akauliza kwa sauti ya chini kilichomo humo kinataka nini kwa mtoto.

"Yeye amenishika kwa jina lake," ikajibu sauti ya Chiriku. "Mimi nimemshika pumzi. Aniachie, nimwachie."

"Mwachie kwanza," mzee akasema.

"Aniachie kwanza."

Walirudiana hivyo mpaka mzee akalowa jasho. Akamwinamia mama, akamnong'oneza. "Mwanangu, mduara haukatwi kwa kuvutana. Tunatafuta kile kinachowashikanisha, tunakitoa, tunambebesha mtu wa tatu. Hawa wameshikana kwa kule kuitika."

"Mtu wa tatu ni nani?"

Mzee akamtazama yeye.

Mama akaelewa. Aliogopa, aliogopa mno, lakini mtoto ni wake. Akalifuta jina la Chiriku, akaandika la kwake, akabonyeza.

Feni ikanyamaza. Chiriku akakohoa, akaketi, akaomba maji, halafu yakaanza kumtoka maneno ya wiki tatu kwa pamoja: ana njaa, ameota vibaya, na huyu babu ni nani? Mzee Kobe akalia waziwazi.

"Mama," mtoto akasema, "mbona hunijibu?"

Mama alikuwa palepale kitini, anasikia kila neno. Alitamani kujibu kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini ghala lilikuwa kazini, oda zilikuwa zinaingia, na kila moja ilimwita, na kila moja ilibidi aiitikie. Chiriku akamshika mkono, akamwita tena.

"Nipo, mwanangu," sauti ya mama ikasema kutoka jikoni.

Mtoto akauachia ule mkono, akakimbilia huko.