Kasha la Shubiri Moja

Hakuna fundi kompyuta asiyepuliza. Waambie mate yanaharibu vifaa, wabandikie tangazo ukutani, watakuitikia sawa sawa, na ukigeuka tu mashavu yameshajaa upepo. Fundi wetu huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kibiriti kwa jinsi alivyosifika kwa kubana mashine nzima ndani ya kiboksi, alikuwa na pampu nzuri tu ya kutolea vumbi. Ilikuwa juu ya rafu, mkono ungeifikia. Lakini alipolifungua lile kasha alilisogeza mdomoni, akafumba macho kwa mazoea, akalipuliza kwa nguvu zake zote.

Alifumba macho kwa sababu vumbi humrudia mtu usoni. Siku hiyo halikurudi. Pumzi iliingia upande huu, na upande wa pili, alikokinga kiganja, hakikutoka hata kiupepo cha kutikisa unyoya. Akapuliza tena, mara hii mpaka akaona kizunguzungu. Wapi. Akajiambia limeziba, akalichungulia kwenye mwanga wa dirisha, na matundu yote yalikuwa wazi kama chekeche.

Kasha lenyewe lilikuwa la alumini, shubiri moja kwa shubiri moja, kimo chake kama kitabu kinene. Alipewa na mama mmoja muuza vifaa vilivyotumika, mtu mwenye mkono mgumu ambaye hajawahi kumwongezea mteja hata skrubu. "Chukua hilo nalo," alimwambia. "Linanijazia meza." Fundi hakuuliza kwa nini leo amekuwa mkarimu. Ukipewa cha bure unashukuru na kuondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Alikuwa akilihitaji hasa. Binti yake wa miaka tisa, waliyemwita Kabibi kwa kuwa alirithi jina la nyanya yake, alikuwa na pumu. Kila msimu wa baridi kifua kilimbana, akawa halali chumbani wala haendi shule, kutwa yuko kwenye kochi la sebuleni na mto mgongoni. Baba yake alimwahidi sinema ya nyumbani: kompyuta ndogo ya kuunganishwa na runinga, yenye filamu zote anazozipenda, tena isiyopiga kelele, itakayoingia kwenye kinafasi kile chini ya runinga. Duniani hapa fundi alitaka jambo moja tu, binti yake apumue. Kwa hilo hakuwa na ujuzi wowote. Kompyuta alizijua, basi akafanya alichokiweza.

Aliiunda hapo hapo sebuleni, Jumamosi mchana, mkewe akiwa upande wa pili na cherehani yake. Ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, uliingia, mdogo kama kiganja. Nyaya akazikunja na kuzifunga. Ilipofika zamu ya feni ya kupoza prosesa, mkewe akainua macho.

"Hiyo haiingii," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mimi sijui kompyuta lakini vipimo navijua. Hapo unamvalisha mtu mzima gauni la mtoto."

"Ngoja uone."

Lakini hata yeye aliona. Feni ilizidi ukingo wa kasha kwa upana wa kidole kizima. Akaweka kifuniko juu kujaribu tu, bila kukandamiza, na kifuniko kikashuka polepole mpaka kikakaa. Kikafunga, tena vizuri, hata ukucha usingepenya.

"Kumbe wewe kiboko," mkewe akasema, akarudi kwenye pindo lake.

Fundi alifungua, akapima feni, akapima kasha. Feni bado ilikuwa ndefu kuliko kasha. Akafunga tena, maana mtu akishasifiwa hapendi kuanza kujiuliza maswali.

Mchana ule walitazama filamu ya kwanza. Kabibi alijifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Baba, haina kelele kabisa."

"Kelele zote tumemwachia mama yako na cherehani yake."

Mkewe akamrushia kipande cha kitambaa, wakacheka wote watatu. Ilikuwa saa nzuri ile, na ndiyo ya mwisho ya namna yake nyumbani humo.

Filamu ilipofika katikati, fundi alikwenda kuangalia kama mashine inapata moto. Ana mtindo wake: huchana kijikaratasi laini na kukisogeza kwenye matundu. Upande wa kuvutia hewa karatasi hunata, upande wa kutolea hupeperuka. Akasogeza upande wa kushoto, ikanata. Akasogeza wa kulia, nako ikanata. Nyuma, ikanata. Alizunguka kasha lote kwa kile kijikaratasi na kila mahali kilivutwa ndani, na hapakuwa na tundu hata moja lililokuwa likitoa kitu.

Ndipo akasikia harufu. Ilikuwa ya vuguvugu, nzito, kama kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu akaamka sasa hivi. Akatazama pazia. Dirisha lilikuwa wazi, nje hakukuwa na upepo, lakini pazia lilikuwa limeelemea ndani, kuelekea runinga.

"Baba," Kabibi akaita, na fundi aliijua ile sauti kabla hajageuka.

Walimpa dawa ya kuvuta mdomoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Haikusaidia. Fundi akazima mashine, akachomoa waya ukutani. Feni ikaendelea kuzunguka. Alisimama na waya mkononi, akiitazama taa ya mashine iliyokwisha kuzimika, huku ndani ya kasha kitu kikivuta hewa taratibu bila kutua, kikivuta tu, na akagundua kwamba kila kikivuta, kifua cha mwanawe nacho kinashuka.

Basi akalibeba kasha akatoka nalo mbio, akapita ukumbini, akavuka mlango, akiwa na nia ya kulitupa popote, kwenye mtaro, chini ya gari, hakujali, na hakufika hata kwenye ukingo wa barabara kabla hajamsikia mkewe akimwita kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu, akageuka, akamwona mlangoni amemkumbatia mtoto ambaye midomo yake imekuwa ya bluu na kichwa kimemlalia begani, na mkewe hakuwa akisema kingine ila "rudisha, rudisha, ukienda nalo anakwenda."

Akarudisha. Akaliweka chini ya runinga mahali pake, kwa upole, kama anayeweka yai. Rangi ikamrudia mtoto kidogo. Ilimrudia kiasi cha kuishi tu.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja na mashine yake ya mvuke. Alifanya kazi saa nzima. Mwishowe alilaza sikio kwenye kifua cha Kabibi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Anavuta vizuri," alinong'ona. "Hewa inaingia. Sasa inakwenda wapi, sijui."

"Tumpeleke hospitali kubwa?" fundi akauliza.

Mkewe akatikisa kichwa, akaonyesha kasha kwa kidevu, akamweleza yaliyotokea mlangoni. Muuguzi alisikiliza huku akikunja mipira ya mashine yake. Akaangalia pazia, akaangalia matundu.

"Kuna mzee mmoja," akasema. "Mimi ni mtu wa hospitali, na sikusema mimi."

Mzee alifika kesho yake adhuhuri. Walimtarajia mtu wa hirizi na vibuyu, akaja babu mwembamba mwenye miwani na mkoba wa ngozi, karani mstaafu wa posta, akavua viatu mlangoni na kuvipanga sawa sawa. Hakumgusa mtoto. Alichuchumaa mbele ya kasha, akaomba bisibisi, akafungua kifuniko.

"Fundi, tia mkono wako," akasema.

Fundi akatia vidole. Hakugusa ubao mama, wala nyaya alizozifunga mwenyewe. Akatia kiganja, kikazama, kifundo kikazama, na akaendelea kushuka mpaka kasha la shubiri moja likawa limemmeza mkono hadi kwenye kiwiko, na huko chini kulikuwa na uvuguvugu na unyevu, na kitu laini kikamvuta kidogo kwenye ncha za vidole jinsi mtoto mchanga anavyonyonya. Aliuchomoa mkono akaufuta kwenye suruali, akafuta, akafuta.

"Nani alilipulizia?" mzee akauliza.

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Mzee akafunga macho, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini. Runinga ilikuwa imezimwa, lakini spika zake zikatoa mkwaruzo, kisha mlio wa mtu anayepuliza kwa mashavu yaliyojaa. Fundi aliitambua pumzi yake mwenyewe. Nyuma yake ikaja sauti.

"Nilikuwa sina kitu. Akanipa mwenyewe, sikumwomba."

"Alikupa yake," mzee akasema. "Ya mtoto nani alikupa?"

"Ya mtoto ni nyembamba. Napenda nyembamba."

Mke wa fundi akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee akasimama kwa shida, akamvuta fundi pembeni, akamwambia kwa kunong'ona yanayotakiwa. Pumzi ile ilitolewa na yeye, na hakuna mwingine awezaye kuirudisha. Aweke mdomo kwenye matundu avute, avute mpaka feni isimame. Kisha asiitoe humo ndani kwa hali yoyote. Atoke nayo nje, hatua thelathini mpaka kwenye uwanja mtupu wa ng'ambo ya barabara, aitoe huko.

"Na mbele yako asiwepo mtu," mzee alisema. "Itaingia kinywa cha kwanza itakachokikuta."

"Hatua thelathini naziweza."

"Mama, wewe mshike mtoto. Usimwachie."

Fundi akapiga magoti, akabandika midomo kwenye alumini, akavuta. Ilikuwa nzito kama uji. Ilishuka kooni kwa uvuguvugu wake na harufu yake, ikajaza kifua, ikazidi kuja kifua kikiwa kimekwisha kujaa, ikasukuma mbavu, ikapanda mpaka masikioni, naye akaendelea kuvuta huku machozi yakimtoka, mpaka feni ikapunguza mwendo, ikayumba, ikasimama. Na kwenye kochi Kabibi akavuta pumzi safi isiyo na mlio, akaishusha, akavuta nyingine.

"Mama," akasema. "Mama, imefunguka."

Mama yake alilia. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumsikia akipumua hivyo. Alilia akifunika uso kwa mikono yote miwili, na ile mikono ndiyo aliyoambiwa amshike nayo mtoto.

Fundi alikuwa ukumbini, mashavu yamejaa, mkono ukipapasa ukuta. Hatua kumi. Kumi na mbili. Macho yalikuwa yakimwiva. Kitu ndani yake hakikutulia, kiligeuka geuka kikitafuta mlango, na kila kilipogeuka magoti yalimlegea, na hapo kizingitini, na uwanja anauona kabisa, na mchanga wake na jua lake, yakamwishia. Akaanguka kwa magoti. Akasikia miguu midogo ikija mbio nyuma yake.

Kabibi alimzunguka akaja mbele. Alimwona baba yake uso umevimba, mishipa imesimama, hapumui, na katika nyumba ile hakuna aliyejua kuliko yeye hali ile ilivyo. Akamshika mashavu kwa viganja vyake viwili.

"Toa, Baba. Usiogope. Toa polepole."

Fundi akatikisa kichwa. Akageuza uso pembeni, mtoto akamgeuzia tena, kwa upole, kama yeye mwenyewe alivyogeuzwa mara nyingi. Alijaribu kumsukuma lakini mikono haikuwa na nguvu. Mzee alikuwa anakuja, mkewe alikuwa anakuja, na pumzi ya mtu haimsubiri anayekuja. Ikatoka. Ikampiga mtoto usoni hata nywele zikarudi nyuma.

Kabibi alipepesa macho. Akatabasamu, akamfuta baba yake jasho kwa kiganja. "Ona sasa," akasema. "Umepona."

Mzee akamchungulia mtoto kinywani. Akarudi ndani, akagonga kasha kwa kucha, likalia tupu. Akachukua mkoba wake.

"Mtoe," fundi akamwambia. "Mtoe kwa mtoto. Nitavuta tena, nitavuta mara mia."

"Kwenye kasha alikuwa mgeni. Kwa mtoto ameingia palepale anapopapenda, wamekuwa pumzi moja. Nikimtoa huyu, yule naye anatoka." Mzee akavaa viatu vyake akiwa amesimama, bila kufunga kamba. "Nisamehe, mwanangu."

Kabibi alipona kabisa. Alirudi shuleni, alikimbia, aliruka kamba, na muuguzi alipompima alisema kifua kama hiki hajakiona. Majirani walikuja kumpongeza fundi. Aliwakaribisha, akawapa viti karibu na mlango.

Wiki ya pili mkewe alianza kusimamisha cherehani ili apumzike. Wiki ya tatu hakuweza kumaliza pindo moja bila kushika kifua. Kabibi alikuwa akipenda kujilaza mapajani mwa mama yake kila mchana akitoka shule, uso juu, mdomo wazi kidogo, na mama yake hakuwa na moyo wa kumwondoa. Alimtazama tu mumewe, naye mumewe akamtazama, na kila mmoja alikuwa amekwisha kujua pumzi yake inakokwenda.

Jumapili mchana fundi alijilaza kwenye kochi, akajisogeza mpaka ukutani ili ibaki nafasi.

"Kabibi, mwache mama ashone," akasema. "Njoo ulale huku kwa baba."

Mtoto akaja, akapanda, akamgeukia, pua kwa pua. Fundi akamfunika blanketi, akafungua mdomo.