Gari Jekundu la Maganzo

Asubuhi ya Ijumaa, Nyamizi alipoinua pazia la chumba chake cha gemu pale Maganzo, alisikia injini ikinguruma ndani ya mashine, na jenereta ilikuwa bado haijawashwa. Mlio ulipanda, ukashuka kama wa lori linalobadilisha gia mlimani, kisha ukanyamaza. Ikabaki harufu ya damu iliyolala na udongo mbichi wa shimoni. Alijiambia ni panya, ingawa alijua fika kwamba panya hawana gia.

Mashine yenyewe ilikuwa kongwe. Yeye na mumewe Marcel waliinunua mwaka 1993 kwa Sameer, mfanyabiashara wa Shinyanga mjini, aliyekuwa ameitelekeza stoo: kasha refu la mbao, kiti, usukani, pedali mbili na kioo chenye barabara moja. Miaka minne baadaye Sameer huyohuyo akaleta gemu mpya za sidii, zenye magari yanayobonyea yakigongwa, akamshauri kwa nia njema kabisa aitupe ile takataka. Nyamizi akazinunua. Wachimbaji wa almasi walizicheza wiki moja, wakazisifu, kisha wakarudi kupanga foleni kwenye ile kongwe. Mtu aliyeshinda shimoni, matope hadi kiunoni, ana haja gani na gari linalobonyea? Alitaka lami isiyo na shimo hata moja, minazi ya vijimraba pembeni, mbingu ya buluu, na saa pale juu ikihesabu sekunde kushuka. Ukifika kituoni kabla ya sifuri unaongezewa muda. Usipofika, mchezo umekwisha, inuka.

Marcel aliwasha jenereta, akaketi kuijaribu mashine kama alivyofanya kila siku kabla ya wateja kufika. Nyamizi alikuwa akifagia nyuma yake. Ndipo lilipotokea gari jekundu. Katika miaka yote minne gari la namna hiyo halikuwahi kuonekana kwenye ile barabara. Lilimpita Marcel taratibu, likakaa mbele yake kidogo tu, naye akakanyaga mafuta kulifuata. Saa ikafika sifuri. Mchezo haukuisha.

Nyamizi alipozima jenereta kwa hofu, kioo kikawa cheusi, lakini Marcel aliendelea kuendesha.

Walimbeba hadi nyumbani. Siku tatu alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imekamata usukani usiokuwepo, macho yakifuata kona, mguu wa kulia ukisukuma sakafu mpaka kisigino kikachubuka. Hakula. Alipokanyaga kwa nguvu zaidi, harufu ya damu na udongo ilijaa chumbani, na Nyamizi akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alikuwa mwanamke wa hasira na hakuona sababu ya kubadilika.

Chini ya pedali alikuwa ameokota manyoya meusi ya kuku. Akamwita Ndaki, mwenye shimo aliyekuwa na imani kwamba akishinda gemu asubuhi, siku hiyo jiwe litapatikana. Ndaki hakusumbua mtu. Alikiri kwamba Alhamisi jioni alibaki nyuma akisingizia kutafuta kofia, akamwaga damu ya kuku kwenye pedali, kama wanavyomwaga mdomoni mwa shimo jipya.

"Nisamehe, Mama Noela," alinong'ona, akimwita Nyamizi kwa jina la mwanawe kama walivyomwita wateja wote. "Niliona ni shimo tu kama mengine. Unapoingia kutafuta bahati, majini wenye shimo lazima wale kwanza."

Mfumu Mageni, bibi mganga mfupi aliyewatibu wachimbaji wengi, alikuja akainusa mashine, akamtazama Marcel, akaguna.

"Shimoni wanakula wanaondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Humu huyu amekuta kiti."

Akasema na jini aliyemo kwenye mashine, kisha akaeleza kwamba amekubali mapatano: kuku mweusi kila Ijumaa, baadaye mbuzi, naye atamwachia Marcel mchana apate kula. Ndaki aliapa atawatoa wote yeye. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikumwalika," alisema. "Sitamlisha. Na mume wangu si wa kuazimwa mchana. Nitaingia kumtoa mwenyewe."

Mageni alimwonya kwamba akiingia huko na akashindwa, watakuwa wawili ukingoni mwa kitanda. Nyamizi akajifunga kanga kiunoni na kwenda.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana. Aliwatoa watu waliokuja kushangaa, akashusha pazia jeusi linalozuia jua lisipige kioo, akaketi. Pedali ilikuwa ya moto kama ngozi ya mgonjwa. Barabara ikafunguka, na gari jekundu lilikuwa tayari linamngoja.

Akakanyaga. Lilipita minazi naye akapita minazi, lilikata kona naye akakata, na kila alipolikaribia aliona kwenye kioo cha nyuma kisogo cha mtu anayemjua, kisogo chenye kovu la wembe ambacho yeye mwenyewe alikinyoa kila mwezi, na mbingu ya buluu ikaanza kuwa nyeusi kutoka pembeni, na minazi ikawa si minazi tena bali watu wamesimama wima wenye matope hadi kiunoni, wakigeuza nyuso kumtazama akipita, na harufu ikamjaa kooni, na mguu wake ukawa mzito, ukikanyaga wenyewe hata pale alipotaka kuuinua.

Spika ikakwaruza. "Mama Noela," ilisema sauti ya Marcel. "Kanyaga. Niko mbele kidogo tu."

Nyamizi nusura atii. Lakini Marcel alimwita Mama Noela mbele ya wateja tu. Wakiwa wawili, tangu siku ya harusi, alimwita Nyamizi. Aliyekuwa akisema naye alikuwa amejifunza jina lake humu chumbani, akisikiliza foleni.

Akakamata goti lake kwa mikono miwili, akaung'oa mguu kwenye pedali.

Gari lake likasimama katikati ya lami. Lile jekundu lilikwenda hadi upeo wa macho, likasita, likarudi kinyumenyume.

"Kanyaga," ilisema sauti, na sasa haikuwa ya mtu.

"Sikanyagi."

"Nitamla."

"Mpaka ufuatwe ndiyo unakula," alisema Nyamizi. "Mimi sikufuati. Hapa ni kwangu, na nimekaa."

Honi ikalia mpaka ukuta ukatikisika. Aliiacha ilie. Saa ikahesabu tano, nne, tatu, hadi sifuri, na mchezo ukaisha kama unavyoisha kwa kila mtu.

Nyumbani Marcel alishusha mikono, akaita "Nyamizi," akaomba michembe ya viazi vitamu na maziwa. Alikula sahani tatu.

Mageni alishauri mashine ichomwe. Nyamizi akakataa, akampigisha Ndaki magoti aisugue kwa sabuni, na Jumatatu akafungua mlango. Foleni ilifika barabarani. Mchimbaji wa kwanza, Januari, aliendesha kidogo, kisha akapunguza mwendo. Chini ya mnazi mmoja, pembeni mwa lami, gari jekundu lilikuwa limeegeshwa, mlango wazi.

"Mama Noela," aliuliza kwa sauti ndogo, "yule anamsubiri nani?"

"Ananisubiri mimi," alisema Nyamizi, akifuta vumbi kwenye kioo. "Atasubiri sana."