Konokono Aliyetazama Kulia

"Mwizi ni wewe, Janine! Nani mwingine humu anadarizi?"

"Koma, Huguette! Nadarizi matakia, sikati mali ya watu!"

Inspekta Solange Peyrot aliwaacha wagombane, akainama. Zulia la ukutani lilikuwa limelazwa mezani katika ukumbi wa wafumaji, mjini Aubusson. Asubuhi hiyo, liliposhushwa likaoshwe, ndipo ilipogundulika kwamba kona yenye picha ya konokono imekatwa na tundu kuzibwa kwa kipande cha kitambaa kigumu kilichodariziwa.

"Miaka nenda rudi mnaiga ufumaji wetu kwa sindano," Huguette, mfumaji mkongwe, aliendelea, "hata jina la kazi yetu mkalichukua. Sasa na zulia!"

Janine, mtunza ukumbi, akaangua kilio.

Solange alitoa picha ya zamani ya zulia hilo. Konokono wa awali alitazama kushoto. Huyu wa kudarizi alitazama kulia.

"Mama Janine, ukidarizi unatazama upande gani?"

"Wa mbele. Naona ninachofanya."

"Na wewe Mama Huguette, ukifuma?"

"Wa nyuma. Kila mtu hapa anajua."

"Kwa hiyo mchoro mnaoufuata huchorwa kinyume."

"Ndiyo..."

"Janine angeiga alichokiona ukutani. Aliyedarizi hiki alifuata mchoro wa mfumaji, akasahau kuugeuza. Mchoro uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Na haya madoa mawili pichani, chini ya konokono?"

"Herufi. R.V. Rolande Vacher. Alilifuma peke yake. Sifa nikazichukua mimi, na kesho kutwa wanaweka kibao chenye jina langu. Rolande akawaandikia wakuu wa ukumbi kutoka nyumba ya wazee: tazameni kona. Nikaiwahi, nikaikata kabla hawajatazama."

"Mbona hukufuma kiraka?"

"Vidole vimekakamaa. Sindano tu ndiyo niliyoiweza."

"Na Rolande?"

"Wakuu walitazama wakiwa chini, zulia likiwa bado juu ukutani, hawakuona herufi. Wakasema bibi kachanganyikiwa. Nami nikaitikia. Rafiki yangu wa miaka hamsini, afande!"

"Na mimi ukanitupia mzigo," Janine alisema.

Solange alisogeza karatasi ya maelezo. "Unaandika hapa au kituoni?"

"Kwanza simu."

Akapiga mbele yao wote.

"Rolande? Huguette hapa. Usikate, mwenzangu. Hujachanganyikiwa. Herufi zako nilizikata mimi."