Silinda ya Tatu

Siku walipokutana, Abiba alidhani anafukuzwa na mwizi. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu aliikimbilia pikapu yake katikati ya soko la Isiolo, akiruka mbuzi na mafungu ya vitunguu, akipiga kelele, "Zima gari, dada! Mkanda wa feni unakatika!"

"Si ungenigongea dirisha kama watu?" Abiba alimfokea, akirekebisha mtandio wake wa kijani.

"Ningegonga, ungesimama?"

"Wapi!"

"Basi."

Huyo ndiye Mamo, fundi. Alibadilisha mkanda, akaomba namba ya simu, ati ajue gari limeamkaje. Akawa anapiga kila asubuhi. Kufika mwezi wa pili alikuwa ameshasahau gari. "Umeamkaje, mpenzi?" ndiyo ilikuwa salamu yake, na Abiba, mwuza maziwa ya ngamia mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akilainika kama siagi.

Halafu ghafla, kimya. Siku tisa! Abiba alipiga simu ikaita mpaka ikakata. Akamwona barabarani, jamaa akavuka upande wa pili. Abiba akaapa hatampigia tena maishani. Loo, mtu asiape ovyo.

Siku ya kumi, asubuhi, alikuwa akitoka kijijini Kulamawe kuelekea hospitali ya Isiolo. Kando yake dada yake Nasteha alikuwa akijikunja kwa uchungu wa mimba ya kwanza. Mkunga alikuwa amewaambia mtoto amekaa vibaya, wakichelewa watawapoteza wote wawili. Mama yao alikuwa amemkumbatia Nasteha, akiomba dua. Hawajafika mbali, injini ikaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Abiba akasimamisha gari. Mbele vichaka, nyuma vichaka, hakuna gari lingine.

Alimpigia Mamo. Hakupokea. Akapiga tena, wapi. Nasteha akapiga yowe. Abiba akaandika: *Nasteha anajifungua, injini inagonga, tuko njiani, naogopa.* Simu ikaita papo hapo.

"Mamo! Wallahi, mpenzi..."

"Simu iwekwe karibu na injini."

"Hata salamu hakuna?"

"Nazungumza na injini, sizungumzi na mtu. Boneti ifunguliwe."

Maneno hayo yalimchoma, lakini alifungua, injini ikiunguruma polepole.

"Injini, unagonga juu au chini?"

"Chini," Abiba akajibu, akijifuta machozi. "Nzito, kama mchi kwenye kinu."

"Iongezwe oili iliyo nyuma ya kiti, yote. Halafu kwa kitambaa kikavu, waya za plagi zing'olewe, moja moja, kila moja irudishwe."

Aling'oa ya kwanza, ko ko ko. Ya pili, vilevile. Ya tatu, injini ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, lakini kule kugonga kukafifia.

"Hapo!" Mamo alipaza sauti. "Beringi ya silinda ya tatu imekwisha. Waya hiyo usiirudishe. Silinda ikikosa moto haitaipiga beringi kwa nguvu. Nenda na zile tatu zilizobaki, usipite arobaini, na kwenye mlima shusha gia. Nakuja na pikipiki." Akasita. "Injini, nakuja."

Mtandao ukakata.

"Ananichukia," Abiba alisema, akiondoa gari.

"Anakuchukia nani, mtoto mjinga?" Mama alifoka. "Wazee wake wameleta buna kwa baba yako mara mbili, kahawa ya kukuposa!"

"Mbona sikuambiwa?"

"Binti haambiwi mpaka jibu litoke. Na baba yako alimpa sharti, asizungumze nawe hata neno moja. Akizungumza, posa imekufa."

"Basi nimemharibia, mama."

"Endesha gari!"

Akaendesha. Kila injini ilipogonga alimtazama Nasteha. Kisha Nasteha akaacha kupiga yowe, na huo ukimya ukamtisha Abiba kuliko kelele zote. "Nasteha, nitukane! Sema kitu!" Dada yake akamfinya mkono kidogo tu. Mamo alitokea vumbini, akageuza pikipiki, akawatangulia huku akifukuza ngamia barabarani. Hakumtazama Abiba hata mara moja.

Hospitalini Nasteha alikimbizwa kwenye upasuaji. Mamo akajilaza chini ya pikapu kando ya ua, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akatoa ile beringi iliyolika ikabaki nyembamba kama ukucha. Abiba akachuchumaa karibu na miguu yake.

"Mama ameniambia. Kwa nini ulinipigia?"

Mamo akachungulia kutoka chini ya gari. "Beringi ikivunjika, mkono wa pistoni unatoboa injini, nanyi mko porini. Niliwaona mmekufa, Abiba. Niliogopa mpaka nikasahau baba yako."

Beringi mpya aliyokuja nayo Mamo ilikuwa imekwisha kukazwa Mama alipotoka mbio, kilemba kimefunguka. "Mvulana! Wote wazima!"

Abiba alilia kwanza, ndipo akampigia baba yake. Mzee alimshukuru Mungu sana. Kisha akauliza, "Nani aliwatoa njiani?"

Angeweza kudanganya. "Mamo, baba. Nilimpigia mimi, akazungumza nami. Kosa ni langu."

Abiba akaukaza mtandio wake, akingoja kufokewa.

"Mpe simu."

Mamo alijifuta mikono kwenye ovaroli mara tatu, akaipokea. "Naam, mzee. Ndiyo, nilizungumza naye. Naam. Naam, mzee." Akakata simu, akakaa chini kwenye vumbi.

"Amesema nini? Mamo! Amekataa?"

"Anasema ningenyamaza leo, angezika mabinti wawili. Wazee wangu waje Ijumaa." Akamgeukia Abiba. "Lakini wewe sijakuuliza."

"Sasa unangoja nini? Niulize!"

Akamwuliza, na Abiba akajibu kabla hajamaliza.