Faulo Tano, Jezi Mbili

"Shika hapo, vuta kidogo. Nimesema kidogo, si kama unafunga mbuzi," shangazi alisema, mguu wake ukiwa tayari juu ya pedali ya cherehani.

Msichana akalegeza vidole. Jezi namba nane ilikuwa imepasuka kuanzia kwapani mpaka karibu na kiuno, na shangazi alikuwa akiufuata mpasuko wake taratibu kwa uzi wa buluu. Kila Jumamosi mchana msichana huyu alikuja kumsaidia shangazi yake dukani. Alishona vifungo, alichomoa nyuzi, alifagia vipande vya vitambaa. Shuleni walimwita Mlingoti, kwa sababu katika umri wa miaka kumi na mitatu alikuwa amewapita kwa urefu hata baadhi ya walimu.

"Lakini nyie watoto mna mambo," shangazi akaendelea. "Jezi imechanika hivi, mchezo uliumalizaje? Ulijifunga shuka?"

"Nilivaa ya Kipande," Mlingoti alijibu, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

Shangazi aliendelea kushona. Mpira wa kikapu kwake ulikuwa ni watoto kukimbizana na kurudi nyumbani wamechafuka. Lakini kibarazani, nje ya mlango, alikaa fundi baiskeli, na yeye mchezo huo aliujua. Kila siku aliangalia kwenye simu yake vipande vya mechi za wachezaji wa kulipwa, na asubuhi ya leo alikuwa amesimama nje ya uzio wa shule akishangilia.

"Hongera, Mlingoti!" alisema huku akizungusha gurudumu. "Pointi mbili tu, na kesho fainali. Mmetutoa jasho."

"Asante, mjomba."

"Kilichoniudhi ni yule mrefu wa wenzenu. Faulo tano, nje! Utamu wote ukaisha. Sheria hii, mimi nasema hata wale wa kulipwa waifute. Wao wanaruhusiwa sita, lakini sita na tano kuna tofauti gani? Watu wametoa kiingilio kumwona nyota, nyota anakalishwa kwa kugusa mkono wa mtu. Abaki uwanjani! Kila faulo ya ziada, wapinzani wapewe mitupo miwili na mpira wabaki nao."

"Na akivunja watu mbavu?" shangazi aliuliza bila kuinua macho.

"Si nimesema adhabu iongezwe?"

"Kwa hiyo mwenye jina alipe, aendelee kupiga watu. Mimi mpira siujui, ila hao wa kulipa na kupiga nawajua."

Fundi baiskeli alicheka mpaka spana ikamponyoka. Mlingoti hakucheka. Moyo wake ulikuwa umeyashika maneno ya fundi kama mtu aliyekabwa na kiu anavyoshika kikombe.

"Mjomba, kwa hiyo sheria yenyewe ni mbaya kabisa?"

"Mbaya!"

"Basi mtu akiwa na faulo tano, halafu akaendelea kucheza... si kosa kubwa sana?"

Gurudumu likasimama. "Aendelee vipi? Mezani si wanahesabu?"

"Nimeuliza tu," Mlingoti alisema, akainama kuokota vipande vya vitambaa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika nusu ya kwanza Mlingoti alifanya faulo tatu, na mezani zikaandikwa chini ya namba nane. Mwanzoni mwa nusu ya pili jezi yake ikanaswa na kupasuka. Shule yao haikuwa na jezi za akiba, basi mwalimu akamwambia avae ya Kipande, mchezaji wa benchi, namba kumi na tatu. "Pita mezani uwaambie," mwalimu alisema. Lakini filimbi ilikuwa imeshapigwa. Mlingoti aliingia uwanjani mbio, na habari ya meza ikamtoka kichwani.

Hapo ilikuwa ni kusahau tu. Kisha akafanya faulo ya nne. Zilipobaki dakika nne, akafanya ya tano. Refa alionyesha vidole vya kumi na tatu, mwandishi akaandika, na hakuna aliyemwambia atoke. Mwalimu, kwa mazoea, aliuliza mezani, "Namba nane ana ngapi?" Wakamjibu, "Tatu." Akamgeukia Mlingoti na kupaza sauti, "Una tatu tu! Cheza bila woga!"

Mlingoti alijua anazo tano. Alisimama katikati ya uwanja, akangoja mtu mwingine aseme. Hakuna aliyesema. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi tatu. Mpira ukarushwa, naye akaudaka.

Sasa Kipande mwenyewe alitokea kona ya duka, msichana mfupi, mchangamfu, mkate mkononi. Alimwamkia shangazi, akamwamkia fundi, kisha akamvuta Mlingoti nyuma ya duka penye ndoo za maji.

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Bado nini? Usiseme kabisa! Mimi nimehesabu, wewe umehesabu, basi. Ukifungua mdomo tumekwisha sote. Fainali ni kesho, bwana!"

"Fundi anasema hata wa kulipwa wanatakiwa wabadilishe hiyo sheria."

"Umeona? Sheria mbovu. Umeisaidia kufa."

Mlingoti alijaribu kutabasamu. Mchana kutwa alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia hivyo hivyo, na sasa ameambiwa, lakini roho yake haikutulia hata kidogo. Alikuwa akimwona yule msichana mrefu wa timu pinzani. Naye alipata faulo ya tano, dakika moja tu kabla yake. Hakubishana na refa. Alitoka, akajifunika taulo usoni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Yeye hakupewa jezi nyingine.

"Yule mrefu wao angekuwepo, tungeshinda?" Mlingoti aliuliza.

Kipande alitafuna mkate wake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi sijui," alisema mwishowe, na hakumtazama.

Mlingoti alirudi ndani. "Shangazi, naomba ruhusa. Nataka kwenda kumwona mwalimu."

Shangazi alimwangalia usoni, akaondoa mguu kwenye pedali. "Nenda mwanangu. Jezi nitamalizia."

Mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye kocha wao, alikuwa peke yake katika chumba cha walimu akisahihisha madaftari. Njiani Mlingoti alikuwa amepanga la kusema, sentensi baada ya sentensi, lakini alipofika mlangoni yote yakapotea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema? Kuna mtu anakukimbiza?"

"Mwalimu, tatu na mbili..." alianza, kisha akakwama.

"Tatu na mbili ni tano. Darasa la kwanza hilo." Mwalimu alikuwa bado anatabasamu. Alipoyaona macho ya mwanafunzi wake, akaweka kalamu chini. "Kaa. Niambie polepole."

Akamweleza yote, tangu kupasuka kwa jezi mpaka kikapu cha mwisho. Mwalimu alichukua kipande cha karatasi, akaandika namba nane na namba kumi na tatu, akaweka vijistari chini yake, akavihesabu. Akavihesabu tena.

"Sehemu ya kosa hili ni yangu," alisema. "Nilipaswa kukupeleka mezani mwenyewe, na kuuliza namba uliyovaa. Ila zile dakika nne ni zako."

"Ndiyo, mwalimu." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Lakini watu wengine wanasema sheria hiyo ni mbaya. Hata kwa wa kulipwa."

"Wanasema. Na huenda wako sahihi, mimi mwenyewe sijaamua. Sikiliza. Sheria inaweza kupingwa. Mnaweza kuijadili darasani, mkawaandikia wanaoendesha mashindano, na siku moja ikabadilika. Lakini hubadilishwa mbele ya wote, kabla filimbi haijapigwa, ili kila timu ijue. Mtu mmoja akijibadilishia kimya kimya, katikati ya mchezo, wakati mwenzake ameitii na anakaa benchi, huyo hajarekebisha sheria. Amemwibia mwenzake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu. Tutafukuzwa kwenye mashindano?"

"Sijui," mwalimu alisema, akachukua simu yake. "Tutajua sasa hivi."

Mlingoti alingoja kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Alisikia sauti ya mwalimu ikipanda, ikishuka, ikinyamaza. Alisikia, "Hapana, ni mwenyewe amekuja kusema." Mtu wa kwanza aliyepigiwa alikuwa mratibu wa mashindano, wa pili kocha wa timu ile nyingine. Jua lilikuwa limeinama juu ya paa la madarasa mwalimu alipotoka.

"Kesho saa mbili asubuhi, kabla ya fainali, dakika nne za mwisho zitarudiwa," alisema. "Tutaanzia pale pale, tukiwa nyuma kwa pointi tatu. Yule mrefu wao atakuwa benchi. Na wewe pia. Atakayeshinda ndiye anaingia fainali."

Mlingoti alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Hofu haikuwa imeisha, ila ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa hofu ya kushindwa tu, na hiyo alikuwa ameizoea.

"Nani atacheza mahali pangu?"

"Kipande."

Kipande alipoitwa shuleni na kuambiwa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi? Chini ya kikapu? Ndio maana nilikwambia usiseme!"

"Njoo uwanjani," Mlingoti alisema. "Wewe ni mfupi, lakini una mbio. Kaa mbele ya mtu, usikae nyuma yake. Panua miguu. Mikono juu, usiishushe, ukiishusha refa anapiga filimbi."

Walifanya hivyo mara kumi, mara ishirini. Kipande alianguka, akaamka, akalalamika, akarudi. Alikuwa ameanza kushika namna ya kusimama, lakini kugeuka na mpira bado kulimshinda, kila mara mguu mmoja ulibaki nyuma. Mwalimu alikuja akawaambia kuwa geti linafungwa.

"Bado hajaweza kugeuka, mwalimu," Mlingoti alisema.

"Mje kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mtaendelea na hilo la kugeuka."